Maprodyuza, msiizime ngoma ndogo ya kumbia

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo tuseme na madijei na maprodyuza wanaotengeneza kwa kompyuta rimiksi za kumbia, muziki wa dansi wa Kolombia. Nyingi zinazozunguka mitandaoni zina kasoro ileile: ngoma ndogo haisikiki. Ikikosekana hiyo, mtu hajui aweke wapi mguu.

Kumbia ni ya pwani ya Karibi ya Kolombia na kandokando ya mto Magdalena, ambako ngoma za Waafrika waliopelekwa utumwani zilikutana na filimbi za wenyeji. Kundi la gaita, yaani filimbi ndefu za wenyeji hao, mfano Los Gaiteros de San Jacinto, lina ngoma tatu. Tambora imewambwa ngozi pande mbili na hupigwa kwa fimbo, mara kwenye ngozi, mara ubavuni kwenye mti. Hiyo ndiyo besi. Alegre hupigwa kwa viganja, na mpigaji ana uhuru wa kuipamba atakavyo. Ya tatu, ndogo kuliko zote, ni llamador. Hiyo haipambi chochote. Ukihesabu "moja-na-mbili-na", yenyewe hujibu kwenye "na", mwanzo hadi mwisho wa wimbo.

Prodyuza aliyezoea house, muziki wa dansi wa kompyuta, huweka kiki (pigo la ngoma kubwa) kwenye kila hesabu na hi-hati (matoazi) iliyo wazi kwenye kila "na". Kiki inagombana na tambora, na hi-hati inatua palepale pa llamador na kuifunika. Ondoa hi-hati hiyo. Weka mkwaruzo wa guacharaca, kijiti chenye mikato kinachokwaruzwa, mmoja mrefu na miwili mifupi, tena kwa sauti ya chini. Besi nayo iache ipumue: noti moja ya hesabu mbili, kisha mbili za hesabu mojamoja.

Kabla ya hayo, hakikisha programu imesoma mwendo sawasawa. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika unaweza kusomwa 180, au programu ikaidhania llamador kuwa ndiyo "moja", na kila utakachoongeza kikaja nusu hesabu nje. Tafuta "moja" kwa sikio, kwenye pigo zito la tambora, uiweke mwenyewe. Alegre usiinyooshe ikae juu ya mistari ya programu, maana utamu wake uko katika kule kutangulia na kuchelewa kidogo.

Wanaopenda kumbia ya polepole, ile rebajada ya Monterrey, Mexico, wakumbuke kwamba ilitokana na santuri kuzungushwa taratibu, kwa hiyo sauti nayo ilishuka, ikawa nzito zaidi. Kutoka mapigo 95 hadi 75 sauti hushuka karibu nusu-toni nne. Iacheni ishuke. Ukiilazimisha programu ivute muda bila kushusha sauti, mapigo ya ngoma hupoteza makali na kuanza kutoka kama yana kivuli.

Gaita ndiyo inayoteswa zaidi. Hutengenezwa kwa kiini cha dungusi kakati, kichwa chake ni nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mkaa, na hupulizwa kupitia unyoya wa ndege. Ya kike ina matundu matano na hubeba wimbo. Ya kiume huitikia, huku mpulizaji wake akitikisa maraka, kibuyu chenye mbegu, kwa mkono wa pili. Haikutengenezwa kufuata piano. Basi kinanda cha kompyuta ndicho kisogezwe senti kadhaa (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni) kuifuata gaita, wala gaita isipitishwe kwenye kinyoosha-sauti, programu inayolazimisha noti zilingane na piano.

Kazi nzuri zipo. Msikilizeni Chancha Vía Circuito wa Argentina, au Dengue Dengue Dengue wa Lima: umeme mwingi, na mwendo wa kumbia umebaki.

Watangazaji nao waache kuiita salsa, na wanapopiga rimiksi wawataje pia waliopiga rekodi ya awali.

Wapenzi wa muziki wa ngoma,
Tanga