Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Do na Re

Ndugu wanachama wa kwaya,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye daftari la katibu. Anayejijua ajisomee mwenyewe. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililokula Jumamosi zetu nyingi mwaka huu, yaani nyimbo za Lithuania.

Sutartinės ni nyimbo za kina mama wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010. Mara nyingi huimbwa na watu wawili, watatu au wanne. Mmoja anaimba maneno yenyewe, mwenzake papo hapo anaimba kiitikio, na sauti zao zinapishana hatua moja tu: huyu akiwa do, yule yuko re. Huku kwetu hilo ni kosa. Tangu Wamoravian wafungue misheni Rungwe mwaka 1891, masikio yetu yamelelewa na nyimbo za kitabuni za sauti nne, na mwimbaji akimsikia jirani yuko do, yeye anaikimbia re na kuhamia mi bila kuambiwa. Alto, yaani sauti ya pili, nawasema ninyi.

Tulipata nafuu tulipofunga kinanda na kuacha kusimama kwa mistari. Tukasimama wawili wawili, uso kwa uso, hakuna kulegeza wala kumfuata mwenzako. Siku hiyo zile sauti mbili zilipogusana zikaanza kutetema, na waliokuwa wakinung'unika tangu mwanzo wakaomba turudie. Mwalimu wa sauti anasema mtetemo huo ndio utamu wenyewe. Kamati imeamua kila zoezi lianze hivyo, hata kama siku hiyo hatuimbi Lithuania.

Nyimbo za Wagogo zimeendelea vizuri, ila ngoma za muheme, ambazo kina mama wa Dodoma huzibana kwa magoti, bado zinatushinda tukipiga huku tunaimba. Nyimbo za Bulgaria nimeomba zisubiri. Ile sauti kali ya wazi inataka koo lililozoeshwa, na sitaki mtu akaukiwe sauti kwa kuiga rekodi.

Sasa la sendoff. Mialiko imekuwa mingi, Mwanjelwa hadi Uyole hapa Mbeya, na bila hiyo tusingelipa kodi ya ukumbi, ambayo imepanda tena. Lakini MC anatupa dakika chache wakati keki inaingia, spika zinanguruma, na wimbo wa watu wanne unamezwa wote. Napendekeza tupokee ile tu ambayo mwenye shughuli anakubali muziki uzimwe tukiimba. Najua wengine mtapinga kwa sababu ya mfuko. Tutapiga kura leo.

Nyimbo za Kinyakyusa tulizofundishwa na bibi zetu kule Tukuyu zimegawanywa. Za shambani na za kubembeleza watoto tutaimba jukwaani. Za msibani, wazee wamesema ziishie msibani, na kamati imeheshimu hivyo. Waliozirekodi kwenye simu wasizirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Uchaguzi unafuata baada ya chai. Nafasi ya mweka hazina haina mgombea hadi sasa, na aliyepo amesema hagombei tena. Fomu ziko kwa katibu.