Barua ya Malalamiko: Kukatwa Amana kwa Vifaa Visivyofaa Kambi ya Ufuoni, Saadani

Dar es Salaam,
29 Julai 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kukodisha Vifaa vya Kambi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA MAKATO YA SH 310,000 KATIKA AMANA YETU

Tunarejea barua yenu ya tarehe 25 Julai 2024, ambayo mmetukata Sh 310,000 katika amana ya Sh 420,000. Mchanganuo wenu ni huu: nguzo 4 za hema zilizovunjika, Sh 160,000, vigingi 30 vilivyopotea, Sh 90,000, zipu 2 zilizoharibika, Sh 60,000. Kwa yote hayo mmeandika sababu moja tu, "uzembe wa mteja". Tunaikataa. Mahema 7 mliyotukodisha kwa kambi ya usiku 3, tarehe 20 hadi 23 Julai, yaliandaliwa kwa udongo mgumu wa bara, ilhali fomu yenu ya kuagizia ilijazwa waziwazi "Hifadhi ya Taifa Saadani, ufuoni". Mlijua yanakokwenda.

Tuanze na vigingi. Kila hema lilikuja na vigingi vya waya wa mviringo, vyembamba, urefu wa sentimita 18, kichwa kimekunjwa kama ndoano. Kigingi cha namna hiyo hushika kwa sababu udongo umekibana. Mchanga mkavu haubani. Chembe zake huteleza, na kila upepo unapotikisa kamba, tundu linapanuka kidogo, mpaka kigingi kinachomoka chenyewe. Julai ni msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini, na upande huo wa pwani kusi hupiga mchana kutwa, wakati mwingine usiku kucha. Kigingi kikishachomoka hufukiwa na mchanga unaopeperushwa, na asubuhi hukioni tena. Hivyo ndivyo vigingi 30 "vilivyopotea".

Ufuoni panahitajika kigingi kipana, chenye umbo la V au la mfereji, cha alumini, urefu wa sentimita 30 au zaidi, kwa kuwa kinachoshindana na mvuto wa kamba ni upana wa kigingi dhidi ya mchanga. Kama hamna vigingi hivyo, toeni viroba, ambavyo kwa maoni yetu ni bora hata kuliko kigingi kipana. Hema la watu wawili linataka viroba 6. Kila kiroba hutiwa mchanga wa kilo 8 hivi, kamba ikafungwa katikati ya tumbo lake, si mdomoni. Huchimbwa shimo la sentimita 40 hadi 50, kiroba kikalazwa kwa urefu wake kikikingama mbele ya mvuto, kikafukiwa, kikamwagiwa maji ya bahari na kukanyagwa. Kamba itoke mchangani kwa mlalo kuelekea hema. Ikitoka wima, upepo unakuwa kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na kiroba kitapanda. Viroba 42 vilivyotumika usiku wa pili na wa tatu vilinunuliwa kwa fedha zetu, Sh 1,000 kila kimoja, na ndivyo vilivyoyaokoa mahema yenu.

Nguzo nazo ni za faibaglasi, vipande vilivyounganishwa kwa bomba fupi za chuma na kamba ya mpira inayopita ndani. Zote nne zilipasukia mahali pamoja, kwenye mdomo wa bomba la chuma, na zote zilipasuka kwa urefu kama mwanzi uliochanwa. Nguzo iliyokanyagwa au kukunjwa kupita kiasi kwa kawaida haivunjiki hivyo. Kamba ya mpira ndani ya nguzo hizo ilikuwa imelegea kabisa. Ikilegea, kipande hurudi nyuma ndani ya bomba, na mzigo wote wa kupinda unaangukia ukingo mwembamba wa chuma. Hilo hupimwa kwa nusu dakika kabla kifaa hakijatoka ghalani: shika vipande viwili, vitenganishe, viachie. Visiporudiana vyenyewe kwa mlio, kamba imekwisha. Halafu pitisha kitambaa juu ya nguzo nzima. Kikinasa vinyuzi vyeupe, jua limeshaila faibaglasi na nguzo hiyo haifai tena. Tumieni kitambaa, msipitishe kidole, kwa sababu vinyuzi hivyo huingia kwenye ngozi na huwasha kwa siku kadhaa. Nguzo tulizowarudishia nzima mkizipima hivi leo, tunaamini kadhaa zitaanguka mtihani.

Kuhusu zipu tutasema ukweli wote. Zipu moja ililazimishwa na mtu wa upande wetu ikiwa imejaa mchanga, na hiyo tunailipa, Sh 30,000. Ya pili ilifika ikiwa na unga mweupe kwenye kishikizo na meno yake. Huo ni ulikaji wa chumvi, na hautokei kwa siku tatu kwenye hema lililotunzwa. Hema lilikunjwa baada ya safari ya pwani iliyotangulia bila kuoshwa. Picha ya kishikizo hicho ilipigwa uwanjani kwenu tarehe 19 Julai wakati wa makabidhiano, na ikatumwa siku ileile kwa WhatsApp ya mfanyakazi wenu aliyetukabidhi. Zipu ya pwani hupigwa mswaki ikiwa kavu, ikaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikakaushwa kivulini na kupakwa nta ya mshumaa. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwa hema.

Yaliyobaki hayamo katika barua yenu, lakini moja linatutia hofu kuliko hizo shilingi. Mlitukabidhi majiko mawili ya gesi, mtungi wa kilo 6 na bana (kichomeo) juu yake, pamoja na bati la kukinga upepo lililokunjwa duara kamili kuanzia chini hadi juu ya sufuria. Bati hilo likizungushwa, linazuia upepo lakini linarudisha joto lote kwenye mtungi. Mtungi ukipata moto, mgandamizo wa gesi ndani unapanda, na hapo mtu amekaa nusu mita kutoka kwake akikoroga ugali. Kinga ya jiko la namna hii iwe upande mmoja tu, ule unakotoka upepo, nayo ianzie juu ya bega la mtungi. Tena mpira wa vali ya mtungi mmoja ulikuwa na nyufa. Ulipopakwa povu la sabuni, mapovu yalifura pale pale. Mtungi ulifungwa na kuwekwa mbali, na mlirudishiwa ukiwa na kibandiko "UNAVUJA". Kama umeshakodishwa kwa mtu mwingine, mpigieni simu leo.

Kuna pia karatasi yenu ya maelekezo, kifungu cha kuchagua mahali: "Pima hatua 20 kutoka maji yalipo, kisha piga hema." Maelekezo haya yanaweza kumzamisha mtu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 21 Julai, yaani kambi yote ilikuwa ndani ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na kwenye ufuo uliolala kama wa Saadani hizo ni hatua nyingi sana. Anayefika saa nne asubuhi akahesabu hatua zenu 20, hema lake litakuwa ndani ya bahari saa kumi jioni. Kibaya zaidi, kabla ya mwezi kupevuka na siku moja au mbili baada yake, maji ya kila siku hupanda juu kuliko ya jana, kwa hiyo alama ya leo si kipimo cha kesho. Andikeni hivi badala yake: tafuta mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko yote, uvuke, panda hadi mimea inapoanza kuota, kisha mwulize askari wa hifadhi. Mlango uelekee kaskazini-magharibi wakati wa kusi, na upande mfupi wa hema ndio ukabili upepo.

Taa mlizotoa, LED nyeupe za wati 50, hazikuwashwa hata usiku mmoja. Kasa wa kijani hutaga katika fukwe za Saadani, hasa Madete. Jike akiona mwanga mkali hugeuka akarudi majini bila kutaga, na vitoto vinavyotoka mchangani huufuata mwanga wakidhani ni bahari. Toeni taa nyekundu za kichwani, basi. Na turubai la kulia chakula lisiwe la bluu iliyoiva. Saadani ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana vitambaa vya kuwanasia hutengenezwa kwa rangi hizo. Tupeni la kaki.

Maji pia yalikuwa pungufu. Watu 14 kwa siku 3, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku, ni lita 210 kabla hamjahesabu ya kuoshea vyombo. Kwenye kifurushi mlichokiita "kamili" mlituma madumu 6 ya lita 20.

Kwa hiyo tunaomba, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mturudishie Sh 280,000 (makato yote isipokuwa zipu moja) pamoja na Sh 42,000 za viroba, jumla Sh 322,000. Tunaomba pia uthibitisho wa maandishi kwamba mtungi unaovuja umeondolewa na kwamba kifungu cha hatua 20 kimefutwa. Bila majibu, tutawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani tukiambatanisha fomu ya kuagiza, picha na risiti.

Vipande vinne vya nguzo, pamoja na vigingi vitatu vilivyofukuliwa mchangani baada ya mahema kurudishwa, tunavyo. Fundi wenu anaweza kuja kuviangalia siku yoyote ya kazi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Tungependa aje na nguzo nyingine mbili tatu kutoka ghalani, tuzipime pamoja.

Wenu,

Waandaaji wa kambi