Barua kwa rafiki aliyegeuza Python ya kompyuta yake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Ujumbe wako wa juzi kwamba terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haifunguki ulinichekesha kwanza, kisha ukanikumbusha kuwa nami nilipita njia hiyohiyo. Nimeona nikuandikie kwa kirefu na kukutumia flashi pamoja na barua hii, kwa sababu vilivyomo ndani yake vingekula bando lako lote.

Tuanze na kuitibu kompyuta. Mfumo wako endeshi, Ubuntu 22.04, huja na toleo 3.10 la lugha ya programu ya Python, nawe, kwa kuwa kazi ya mteja ilidai 3.11, ukageuza kiungo cha python3 kielekee toleo jipya. Tatizo lilianzia hapo, maana terminali ya Ubuntu hiyo huanzishwa na skripti fupi ya Python inayoita moduli iitwayo gi, na moduli hiyo imejengwa kwa ajili ya 3.10, ukiiendesha kwa 3.11 haipakiki, na dirisha halitokei wala halisemi neno. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nywila yako kwenye skrini nyeusi itakayotokea, uandike sudo ln -sf /usr/bin/python3.10 /usr/bin/python3, kisha uwashe kompyuta upya.

Ukishapona, nakusihi uache desturi ya kusakinisha kila kifaa cha kazi juu ya mfumo uleule unaoendesha kompyuta yako. Mimi siku hizi nafanya kazi zote za terminali ndani ya makontena, yaani mazingira yaliyotengwa yenye programu zake yenyewe, kwa kutumia Podman, inayoyaendesha, na Distrobox, inayoyaunganisha na kompyuta yangu. Nina mteja ambaye mfumo wake wa zamani hautaki kusikia chochote zaidi ya toleo 7.4 la PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, na mwingine anayetaka 8.2, wa kwanza nimemwekea kontena la Debian 11 (Debian ni mfumo wa Linux kama Ubuntu), wa pili la Debian 12, kwa kuwa matoleo hayo ya PHP ndiyo yanayokuja na mifumo hiyo miwili. Ubuntu yangu yenyewe haina PHP hata moja.

Usidhani kwamba kontena ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama zile mashine pepe zilizokuwa zikiimaliza RAM yetu chuoni. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ni moja tu. Ukiandika uname -r ndani ya kontena na nje yake, utapata jibu lilelile herufi kwa herufi. Lakini ukisoma faili la /etc/os-release, nje litajitambulisha kuwa Ubuntu na ndani Debian. Linux yenyewe ndiyo inayoipa programu ya ndani mwono wake wa mafaili na wa michakato inayoendeshwa. Docker, programu nyingine ya makontena, iliyafanya mambo haya yajulikane kila mahali kuanzia 2013, ila kwa kazi yetu ya kila siku napenda zaidi Distrobox, kwa kuwa hunikuta na folda zangu, funguo zangu za SSH za kuingilia seva na mipangilio yangu ya Git, kile chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, palepale nilipoviacha.

Urahisi huo ndio ulioniponza. Siku moja, nikiwa ndani ya kontena nililokusudia kulitupa, niliandika rm -rf ~/majaribio kwa raha zangu, nikiamini kwamba nafuta nakala ya humo ndani. Hapakuwa na nakala. Distrobox hulifungulia kontena folda yako ya nyumbani ileile, kwa hiyo kazi ya siku nne ilikwenda, na sikuwa nimeisukuma kwenye seva yoyote. Ukitaka utengano, tumia --home unapolitengeneza kontena, ili lipewe folda yake lenyewe. Hata hapo folda yako halisi bado hufikika kutoka ndani, kwa hiyo msimbo usiouamini usiuendeshe humo ukidhani kuna ukuta.

Sasa flashi. Ndani utakuta faili deb12.tar, ambalo nililipata kwa kulihifadhi kontena langu kwa podman commit na kulitoa kwa podman save. Lina Debian 12, Python 3.11, Git na vikorokoro vingine unavyovihitaji. Nimeweka pia Distrobox, ambayo ni skripti za sheli tu. Podman yenyewe iko kwenye hazina ya Ubuntu, kwa hiyo hiyo ndiyo pekee utakayoipakua. Andika podman load -i deb12.tar, halafu distrobox create --name kazi --image localhost/deb12, na mwisho distrobox enter kazi. Ukiwa ndani, pip, kisakinishi cha pakeji za Python, itakukatalia kusakinisha moja kwa moja, kwani Debian 12 inalinda Python yake. Baada ya yaliyokukuta sidhani kama utailaumu. Tengeneza venv, yaani folda ya pakeji za Python iliyotengwa, kwa kila mradi.

Orodha ya pakeji unazoongeza iandike kwenye faili ndani ya Git tangu siku ya kwanza. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na kontena langu la kwanza niliogopa kulifuta kwa miezi kadhaa kwa sababu sikukumbuka nilichokuwa nimeweka humo.

Wasalimie wote nyumbani. Flashi ukimaliza kuitumia unirudishie, maana ni ya mdogo wangu na hajui kwamba imesafiri.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote