YAH: MISTARI ILIYOVURUGWA NA ALAMA ZILIZOKATWA KWENYE MWONGOZO WA ZABIBU

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Uchapaji,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kazi mnayajua, sitayarudia.

Prufu ya kwanza, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ilikuja na maandishi ya pointi 11 (pointi moja ni kama milimita 0.35) na mistari iliyoachana kwa pointi 14, kama tulivyokubaliana. Lakini kila mstari wenye alama ya hatari umeachana na mstari wa juu yake kwa karibu pointi 21. Sababu haihitaji mganga. Alama ina kimo cha pointi 18, imekalishwa juu ya mstari wa herufi, ule ambao herufi huukalia, na nafasi ya mistari imeachwa ijipange yenyewe. Programu ikausukuma mstari mzima chini ili alama ipate pa kukaa. Hata TeX, programu inayosifiwa kwa kupanga kurasa, kitu kikizidi kimo huacha kipimo ulichoipa na kuacha mwanya wa pointi 1 tu kati ya mistari hiyo. Ndiyo maana kukawa na kazi ya msanifu kurasa.

Prufu ya pili ikawa balaa. Msanifu wenu alibana nafasi iwe pointi 14 kamili bila kuzigusa alama. Mistari ikanyooka, alama zikakatwa vichwa. Kwenye ukurasa wa kupulizia salfa, pembetatu ya hatari imebaki kipande cha chini, kama ndoo iliyopinduliwa, tena kando kabisa ya kipimo cha dawa. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi atadhani anaambiwa apime kwa ndoo.

Nilipoweka rula juu ya prufu pale kaunta, msanifu alinijibu mbele ya wateja: "Mama, mkulima hana rula." Akarudi kwenye simu yake.

Marekebisho yenyewe ni kazi ndogo. Kata kwanza ukingo mweupe uliomo ndani ya faili la picha, maana nao unahesabiwa kwenye kimo ingawa hauonekani. Punguza alama hadi pointi 10, kama milimita 3.5. Ishushe pointi 2 chini ya mstari wa herufi. Juu zitabaki 8, karibu sawa na herufi kubwa za pointi 11. Hapo ndipo pointi 14 kamili iwekwe, na iwekwe kwenye mtindo wa aya, si kwa mkono mstari mmoja mmoja. Kisha kagueni kwenye karatasi, si kwenye kioo.

Halafu kuna ankara. Mistari iliyovimba kwenye prufu ya kwanza ndiyo iliyozisukuma kurasa 48 zikawa 52, kwa kuwa kijitabu cha pini huongezeka kwa kurasa 4, nanyi mkapandisha bei hapohapo. Advansi mlikuwa mmeshapokea. Yaani kosa lenu, mkaniuzia.

Narudi kaunta, kwa sababu hilo halijanitoka. "Mama, mkulima hana rula." Alisema hivyo ameushika ukurasa wa salfa, kidole kikiwa juu ya ile pembetatu iliyokatwa, na wewe Meneja ulikuwa umesimama pale kwenye mashine ya kukatia karatasi, ukacheka. Wateja nao wakacheka. Ukurasa hakuna aliyeutazama.

Kwa heshima zote, naomba kurasa zipangwe upya, ankara irudi kwenye kurasa 48, na nipewe prufu ya karatasi niisaini kabla ya mashine kuwashwa. Kama mmeshachapa, hilo si ombi tena: nakala zote ziharibiwe mbele yangu na kazi irudiwe kwa gharama zenu. Mkikaa kimya hadi Ijumaa, nataka advansi yote, na barua hii itakwenda Tume ya Ushindani pamoja na prufu zote mbili, kila pembetatu ikiwa imezungushiwa wino mwekundu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mteja