Barua kwa Mama Baraka: nani anitwishe?

Mtwara, Novemba 2024

Mama Baraka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi hatujambo. Baba Kulwa namwona kwa nadra, maana huu ni msimu wa korosho na bandarini kazi hailali. Kulwa na Doto wako shule, wote wawili wanakusalimu. Wewe na Baraka mko salama? Na Baba Baraka, ule mgongo unamwachia?

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Umeshapata watu huko?" Nikakujibu "ninao", halafu salio likaisha. Usiku ule nilikaa nalifikiria swali lako, nikaona jibu lake linataka karatasi.

Miezi mitatu ya kwanza nilikudanganya. Kila uliponipigia nilikwambia mji ni mzuri, watu ni wakarimu, samaki tele. Hayo yote ni kweli, lakini sikukwambia kwamba ukikata simu nilikuwa nakaa kitandani na kitenge kichwani mpaka Baba Kulwa arudi. Mtu wa miaka arobaini na moja! Pale Makoroboi nilikuwa siwezi kutoka kununua uzi nisisimamishwe na watu wanne. Yule ananiuliza habari za Mama, huyu ananikumbusha mchezo wa Jumamosi, na wewe unaniita kutoka ng'ambo ya barabara ukiwa na vitambaa begani. Huku nilikuwa napita mtaa mzima wa Chikongola, naamkia, naamkiwa, nafika nyumbani, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba nilizaa pacha. Waliniita "mgeni". Wengine "fundi mgeni". Jina la Mama Kulwa nililiacha Mwanza pamoja na kabati.

Baba Kulwa yeye hakupata shida. Mwanaume akihamishwa kikazi anakuta watu wamepangwa tayari: wa zamu yake, wa kula nao mchana, wa kuangalia nao mpira. Mimi nilikuta kibaraza na cherehani yangu. Wateja walikuja haraka, tena wengi, kwa sababu mshono wetu wa bega waliupenda. Nikajiambia, basi hawa ndio watu wangu. Lakini mteja akishachukua gauni lake na kulipa, mmemalizana. Anaondoka akiwa amefurahi na wewe unabaki na chaki mkononi.

Nilijaribu pia kundi la akina mama waliotoka kanda yetu ya Ziwa. Nilikwenda mara mbili. Ni watu wema, ila mazungumzo yote yalikuwa ya nyumbani: sato wa huku na sato wa kule, huku joto, huku mbali. Nilikuwa narudi nikiwa mpweke kuliko nilivyokwenda. Sikuendelea.

Sasa nikusimulie habari ya bakuli. Wiki ya pili tangu tufike, mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu alikuja na bakuli la maembe yaliyomenywa na kukatwa, amelifunika kwa sahani. "Mama amesema karibuni." Mama yake anaitwa Mama Somoe, naye ni fundi cherehani. Nilishukuru, na jioni ile ile nikalirudisha bakuli nikiwa nimetia sukari nusu kilo. Niliona nimefanya adabu. Wewe unanijua, sipendi kudaiwa. Baada ya hapo tulikuwa tunaamkiana tu, kila mtu kibarazani kwake, kila mtu na wateja wake, na moyoni mimi nilimhesabu kuwa mshindani.

Ikaja Idi, mwezi wa nne. Mvua zilikuwa zinanyesha kama zimelipwa. Nilikuwa na madera saba, gauni nne za watoto na kanzu moja ya kupunguza, na zimebaki siku tatu. Usiku, nikiwa katikati ya mkono wa dera, cherehani ikakwama. Nikafungua chini, kile kichuma kinachobeba bobini kimepasuka. Asubuhi fundi aliniambia kwa cherehani yangu kipuri hicho hana, labda kitoke Dar. Mama Baraka, nilikaa nikaitazama ile rundo ya nguo nikaanza kulia. Nguo ya Idi ya mtoto huwezi kumpa mtu siku ya pili.

Mama Somoe anayo cherehani. Nilijua. Kutoka kibarazani kwangu hadi kwake ni hatua thelathini, na nilichukua asubuhi nzima kuzivuka. Nilifikiria nianzeje. Nilifikiria nimpe shilingi ngapi. Nilifikiria akikataa nitapitaje tena mbele ya nyumba yake. Mwishowe nikapiga hodi, nikamweleza nikiwa nimesimama, na la kwanza nililotaja ni pesa ya kukodi.

Hakunijibu habari ya pesa. Alizitazama nguo nilizobeba mkononi, akauliza, "Ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Na mimi ninazo tisa. Basi tutapokezana. Wewe ukishona, mimi nakata."

Siku tatu zile nazikumbuka kwa saa. Futari tulikula pamoja kwenye mkeka, mimi Mkristo nikisubiri adhana kama wao. Kisha watoto wanalala, tunaanza. Umeme ulikatika usiku wa pili, tukawasha taa ya chaji, Somoe mwenyewe akaishika juu ya sindano mpaka mkono ukamtetemeka, tukambadilisha na dada yake. Mama Somoe anakata bila kuchora, anapima kwa shibiri na jicho. Mimi nachora kila kitu kwa chaki. Saa nane za usiku alinishika mkono akaniambia, "Acha chaki, kata. Kitambaa hakikuogopi wewe." Nikakata. Na yeye alitaka nimwoneshe lile bega letu, nikafumua moja mbele yake nikalishona upya, taratibu, mara mbili. Hilo bega nilikuwa nalificha kama siri ya biashara. Leo anashona kuliko mimi.

Nguo zote zilitoka. Asubuhi ya Idi nilimpelekea pesa kwenye bahasha. Akairudisha. Mama yake mzazi, mzee ambaye wote tunamwita Bibi, alikuwa amekaa mlangoni, akaniita niketi karibu yake. Bibi ni Mmakonde wa Newala, aliletwa huku na ndoa akiwa binti. Newala iko juu kwenye uwanda, na maji zamani yalikuwa chini bondeni. Wanawake walikuwa wanateremka alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Akaniambia hivi, nakuandikia kama nilivyolishika: "Mwanangu, mtungi ukishajaa hata uwe na nguvu za ng'ombe hujitwishi. Unasimama pale unasubiri mwenzio akutwishe. Sasa wewe ulikuja hapa, tukakuletea bakuli, ukalirudisha hata halijakauka. Tukasema, huyu hataki kutwishwa."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli. Nilidhani nilikuwa najiheshimu, kumbe nilikuwa nafunga mlango na kuuita mlango huo adabu. Watoto wanapata marafiki upesi kwa sababu hawaoni haya kuomba: nipe na mimi, nisubiri, nishikie. Sisi tukishakuwa watu wazima tunajifunza kutosumbua. Tunaweza kukaa na mtu miaka tukimsaidia, tukimpa, tukimkaribisha, na yeye hajawahi kupata nafasi ya kutufaa kwa lolote. Mtu kama huyo unamheshimu, lakini humgongei usiku.

Mwezi uliofuata nilijaribiwa. Baba Kulwa alikwenda Dar, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Barabara ya kusini ikakatika kule Kilwa, eneo la Somanga, magari yakapanga foleni pande zote mbili, naye akiwa ndani ya basi mojawapo. Simu yake ikazima. Safari hii sikuzivuka hatua thelathini asubuhi nzima. Nilikwenda na kanga ya kulalia, nikasema, "Naogopa, nitalala hapa." Bibi akasogea kitandani akanipa upande wa ukutani. Usiku kucha ananisimulia jinsi walivyokuwa wakisafiri kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wanafika Ndundu mto Rufiji umejaa, kivuko hakivuki, watu wanapika kando ya barabara na watu wasiowajua, wanagawana chumvi. "Tulikuwa tunafika Dar tukiwa ndugu," anasema. Baba Kulwa alirudi baada ya siku kadhaa, matope mpaka magotini. Alinikuta nakosha vyombo kwa Mama Somoe, akashangaa maana alizoea kunikuta nimejifungia.

Tangu hapo mambo yamekwenda yenyewe. Kiangazi nilifundishwa kula ming'oko. Ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, akina mama wanavichimba kwa kazi kubwa, vinachemshwa na chumvi na maganda yake. Mara ya kwanza nilichukua kisu nimenye, wakanizuia: unakibana kwa meno, unakivuta, ganda linabaki nje. Siku ya Jumapili tunavuka na kivuko kwenda Msangamkuu, tunakaa mchangani, na hapo ndipo ninapolikumbuka ziwa letu na kivuko cha Kamanga, lakini sasa nakumbuka bila kuumia.

Mwezi uliopita wamenipeleka shambani kwa kaka yake Mama Somoe, upande wa Nanyamba. Kumbe korosho haichumwi, inaokotwa. Bibo likiiva linaanguka na korosho yake chini, unainama, unaizungusha, unaitoa. Kuinama huko siku nzima, mgongo wangu wa cherehani ulikiona cha moto. Nyingi zinakwenda ghalani kusubiri mnada, ila zile chache za nyumbani tulizikaanga jioni. Wanaweka bati lililotobolewa juu ya mafiga, wanazimwaga, mmoja anakoroga kwa mti mrefu amegeuza uso. Maganda yanatoa mafuta, mafuta yanashika moto, moto unapanda kimo cha mtoto, na moshi wake unawasha koo na macho. Ukizubaa zimeungua. Wanazipindua kwenye mchanga moto uzime, halafu tunakaa na mawe, tumejipaka majivu viganjani kwa sababu yale mafuta yanachubua ngozi. Unagonga mara moja, si kwa nguvu, ganda linapasuka kwa urefu. Za kwanza nilizisaga zote. Mke wa kaka yake, ambaye tulikuwa tumeonana siku ile tu, akawa anabangua zake nzima nzima na kuniwekea mimi kwenye kanga, bila kusema kitu. Vidole vyangu vimebaki vyeusi wiki mbili. Wateja wakiviona wananiambia, "Mama Kulwa, umeshakuwa wa huku."

Ndiyo, ni Mama Kulwa sasa. Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni Somoe, baada ya kuwaona pacha likizo ya mwezi wa sita.

Mama Somoe hanidai na mimi simdai, au niseme kwa usahihi, tunadaiana hata hatujui tumefikia wapi. Mkasi wangu mkubwa uko kwake. Sufuria yake ya pilau iko kwangu tangu Septemba. Mtoto wake anaingia jikoni kwangu anachukua kiberiti, ananiambia akiwa ameshatoka nje.

Sasa nije kwako. Nimekaa nikakumbuka miaka yetu kumi na mitano, nimeona aibu ambayo lazima niiseme. Ulipofiwa nilikaa kwako wiki nzima. Baraka alipolazwa nilikesha mimi. Lakini nilipopoteza ile mimba, nilikwambia baada ya mwezi. Siku tunahama ulitaka kutusindikiza mpaka stendi ya Nyegezi, nikakwambia usijisumbue, saa kumi na moja alfajiri ni mapema. Uliniambia "haya", na sauti yako naisikia mpaka leo. Mwenzangu, nisamehe. Nilikunyima.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la kwanza kubwa tangu tujuane. Mama yangu kule Magu macho yake yamezidi. Ndugu yangu anasema jicho la kushoto limeingia utando, anapapasa ukuta akienda chooni. Nadhani ni mtoto wa jicho, na hilo nasikia linatolewa na mtu anaona tena. Yeye hataki kwenda hospitali, anasema ni uzee. Mimi akinisikia kwenye simu anabadilisha mazungumzo. Wewe anakuogopa kidogo, tena anakupenda. Nakuomba uende umchukue, umlete Mwanza kwa daktari wa macho, alale kwako siku mbili hizo. Nauli na gharama za hospitali nitatuma, hizo usibishane nami. Lakini siku zako, na kitanda chako, na kumvumilia maneno yake njiani, hivyo nakuomba bure.

Mwambie ni mimi niliyekutuma. Ukikaa naye kwenye gari kaa upande wake wa kulia, sikio la kushoto nalo halisikii vizuri.

Mwenzako,
Mama Kulwa