Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kutunga Hadithi

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Umeniandikia kwamba somo la mimea limekuchosha, na kwamba anayetunga hadithi za ajabu hana haja ya kulijua. Basi nikueleze habari za Italo Calvino wa Italia, ambaye kwa maoni yangu ni wachache mno waliomfikia kwa kubuni yasiyowezekana.

Alizaliwa mwaka 1923 nchini Cuba, karibu na Havana, baba yake akiwa mtaalamu wa kilimo na mama yake mwanabotania, yaani mtaalamu wa mimea, akalelewa San Remo, Italia. Naye alianza kusomea kilimo huko Turin lakini hakukimaliza (usishangilie mapema), na mwaka 1944 akajiunga na wapiganaji wa msituni dhidi ya Wafashisti na Wajerumani. Riwaya yake ya kwanza, ya 1947, ilitokana na vita hivyo. Baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi katika shirika la uchapishaji la Einaudi, na mwaka 1956 akatoa mkusanyiko wa ngano 200 za Italia.

Hata hivyo ninayetaka umjue hasa ni Cosimo, shujaa wa riwaya yake Il barone rampante (Baroni Mpanda Miti) ya mwaka 1957. Tarehe 15 Juni 1767 kijana huyo wa miaka 12 anakataa kula konokono mezani, anapanda mtini, wala haikanyagi ardhi tena maisha yake yote. Jambo hilo haliwezekani, lakini Calvino akishaliweka hulitii kama sheria: Cosimo atalala wapi, atawinda vipi, atapendaje, yote yapatiwe jibu matawini, na kila aina ya mti inapitika kwa namna yake. Asiyeijua miti asingethubutu kuiandika riwaya hiyo.

Ndivyo ilivyo pia katika Le città invisibili (Miji Isiyoonekana) ya 1972, ambamo msafiri Marco Polo anamsimulia mfalme Kublai Khan miji 55 ya kubuni, yote ikiwa na majina ya kike na kupangwa kwa hesabu katika mafungu 11. Alipofariki Siena mwaka 1985 alikuwa akiandaa mihadhara ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mmojawapo ulihusu usahihi.

Nakala ya kitabu cha Cosimo nimempa mjomba wako akuletee. Unaposoma, orodhesha miti yote iliyotajwa kwa jina, kisha uniandikie ni mingapi unayoweza kuieleza.

Wako akupendaye,
Baba