Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Utunzaji wa Wanyama wa Maabara kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na waalikwa wote,

Tunakushukuru, Daktari, kwa kuacha wagonjwa wako wa moyo ukaja kukaa nasi. Kazi yetu ni kulisha, kusafisha vizimba, kupima na kuandika daftari. Tunaomba tukueleze inapokutana na yako.

Mwaka 1913, huko St Petersburg, watafiti Nikolai Anichkov na Semen Chalatov waliwalisha sungura lehemu (kolesteroli) iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Ateri zao, yaani mishipa itoayo damu moyoni, zikaota utando wa mafuta unaofanana na wa binadamu. Waliojaribu kwa panya na mbwa hawakuona kitu, na ugunduzi ule ukapuuzwa miaka mingi. Hata dawa ya kwanza ya jamii ya statini, yaani dawa za kushusha lehemu, aliyoivumbua Akira Endo wa Japani, haikushusha lehemu ya panya. Ilipojaribiwa kwa kuku wa mayai, lehemu yao ikashuka. Ukikosea mnyama, unaweza kuitupa dawa nzuri.

Kinachotugusa zaidi sisi watunzaji ni cha mwaka 1973. Yoshio Watanabe wa Kobe, Japani, alikuta sungura dume mmoja mwenye mafuta mengi mno damuni, ingawa alikula chakula cha kawaida. Alimzalisha kizazi baada ya kizazi, akapata ukoo wa sungura wenye kasoro ya kurithi iliyomo pia katika baadhi ya familia za watu: seli hukosa vipokezi vya kuondoa lehemu damuni. Sungura hao waliwafaa sana Brown na Goldstein, watafiti wa lehemu wa Marekani waliotunukiwa Nobel mwaka 1985. Bila vipimo na daftari la uzazi, dume yule asingejulikana.

Tangu 1992 wapo pia panya wadogo walioondolewa jeni ya apoE, inayosaidia kuondoa lehemu damuni. Nguruwe wanafanana nasi zaidi, ila gharama yao ni kubwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, chumba chetu cha sungura kina joto kali. Sungura wakizidiwa huacha kula; wanateseka, na vipimo vya damu yao haviaminiki tena. Tunaomba utusaidie kupata kiyoyozi na daktari wa mifugo wa kudumu. Tunaomba pia mtunzaji mmoja aingie katika kamati ya maadili, kwani anayewahudumia kila siku ndiye huwahi kutambua mnyama mwenye maumivu, akaomba apewe dawa au jaribio lisimamishwe.

Tunaomba kuwasilisha.